Kanvasi za fundi wa Mwanjelwa: nimezichorea mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anataka kusikia. Kanvasi ya sentimita 40 kwa 50, fremu ya mbao ya paina, kitambaa cha pamba kimevutwa na kupigwa stepla kwa nyuma, elfu kumi na tano. Saizi hiyo hiyo nikiagiza Dar, zile za dukani zinazotoka nje, ni elfu thelathini na kitu, hapo hujalipia mzigo wa basi, na ya mwisho niliyoagiza ilifika Mbeya kitambaa kimebonyea katikati kwa sababu ililazwa chini ya mabegi safari nzima na sikupata wa kumlalamikia. Niliiegemeza ukutani nikaiangalia, nikasema hapana, mji huu umejaa maseremala, malori ya mbao kutoka Mafinga yanapita barabarani usiku na mchana, halafu mi naagiza vipande vinne vya mbao na kitambaa kutoka kote huko.

Mi nachora kwa rangi za mafuta na ninachochora ni vitu tuli, yaani napanga chungu, parachichi, birika na kitambaa mezani halafu nakaa mbele yake siku nyingi navichora vile vile nilivyovipanga. Sio mandhari, sio sura za watu, sio tembo. Nalisema hili mapema kwa sababu ninavyozipima hizi kanvasi kunatokana na kazi ya aina hiyo, picha moja inakaa juu ya kitambaa wiki tatu mpaka mwezi na nusu, napaka tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ubaya wowote wa mbao au kitambaa lazima utajitokeza tu. Mtu anayechora kwa akriliki akamaliza jioni hiyo hiyo anaweza asiyaone haya yote.

Fundi mwenyewe yuko mitaa ya nyuma ya soko la Mwanjelwa, kwenye ile safu ya wanaochonga vitanda na makabati. Jina na namba siandiki maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika ukauliza fundi anayetengeneza fremu za kuchorea utaonyeshwa, ni mzee wa makamo mwenye asili ya Tukuyu, mpole sana. Siku ya kwanza nilifika na ile kanvasi iliyobonyea mkononi kama sampuli, nikamwambia shikamoo baba, akasema marahaba mwanangu, unataka fremu ya kioo? Nikamweleza. Akaigeuza, akaikagua kona zote nne, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, akauliza swali ambalo mpaka leo naona ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kazi yangu: kwa nini nisichore kwenye hadibodi kwa rangi ya gloss kama wanavyofanya watu wa Tingatinga, si ndo rahisi?

Na kweli ni rahisi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Dar mwaka 1968 alitumia hizo hizo rangi za madukani na vipande vya bodi, na kwa kazi yake ilikuwa sahihi kabisa, rangi inakauka haraka, inang'aa, mstari unabaki mkali, twiga anakaa wazi juu ya rangi ya nyuma. Mi ninachotaka ni kinyume chake. Nataka rangi ikae mbichi siku mbili tatu ili ukingo wa chungu ule ulioko gizani niweze kuuyeyusha taratibu uingie kwenye kivuli, mpaka mtu akitazama asijue chungu kimeishia wapi na kivuli kimeanzia wapi. Gloss haikupi nafasi hiyo. Nilimweleza hivyo na nikaona ameelewa, maana akasema "kwa hiyo unataka kitu kinachokusubiri", na ndo hivyo hasa.

Akatengeneza tatu za kwanza.

Sasa upande wa mbao. Paina ya Sao Hill, yale mashamba ya miti ya Mafinga, ni mbao nzuri kwa kazi hii, nyepesi, inapigika msumari bila kupasuka, inapatikana, bei yake sio ya kuumiza. Shida ni kwamba mbao nyingi zinazofika mjini bado mbichi, imepasuliwa juzi leo ipo dukani, na mbao mbichi ikishafungwa fremu inaendelea kukauka ikiwa kwako ndani na inapokauka inajipinda. Katika zile tatu moja ilijipinda ndani ya wiki tano, ukiilaza mezani kona moja inanyanyuka kama upana wa kidole, na juu yake nilikuwa nimeshachora birika la bluu na viazi vitatu ambavyo nilikuwa navipenda sana. Picha ikitundikwa ukutani inaegemea upande mmoja mpaka leo. Nilirudi kwa fundi, hakubisha, alichofanya akapandisha fungu zima la mbao za inchi mbili kwa moja juu ya dari ya karakana pale bati linapopiga joto, akasema hizi ni zako tutazikuta mwezi wa saba. Tangu hapo sijapata iliyojipinda, na nimeshachukua kumi na nne. Kwa hiyo ukienda kwake usiseme tu nataka kanvasi, sema nataka ya mbao kavu, na ukiweza inyanyue mkononi, mbao mbichi utaisikia uzito wake na harufu bado kali ya utomvu.

Kitu kingine ambacho ilibidi nimwelekeze ni ukingo wa ndani. Mbao ya fremu ikiwa bapa kitambaa kinalala juu yake upana mzima, sasa ukikandamiza brashi kinagusa ule ukingo wa ndani na baada ya muda unatokea mstari kwenye picha, mstari ulionyooka kuzunguka pande zote, sentimita tano kutoka ukingoni, na ukishatokea hauondoki. Dawa yake ni kupiga randa mbao iwe na mteremko kuelekea ndani ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Kwa seremala hiyo ni kazi ya dakika chache, na huyu fundi nilipomchorea kwenye kipande cha boksi akacheka kwa furaha akasema kumbe ndo maana ile ya dukani imechongwa vile. Sasa hivi anaifanya kwa zote bila kuambiwa.

Halafu kona. Yeye alizoea kukata digrii 45, gundi, msumari, imeisha. Ni imara sana ila ukishafunga hivyo huwezi tena kuikaza, na kitambaa cha pamba kinaishi na hali ya hewa, masika ya huku kuanzia mwezi wa kumi na mbili unyevu unaingia kila mahali, kanvasi iliyokuwa inalia kama ngoma unaikuta imelegea inatikisika kwa kila mguso wa brashi. Zile za dukani zina kabari ndogo kwenye kona, unazigonga taratibu kwa nyundo fremu inatanuka kidogo na kitambaa kinakaza. Nilimuomba ajaribu kona za ulimi na tundu bila gundi akachonga na kabari kutoka kwenye mabaki ya mninga, akaongeza elfu nne kwa kila moja. Kwa kanvasi ndogo ya 30 kwa 40 sioni haja, kwa kubwa lipia hiyo elfu nne bila kufikiria mara mbili.

Tatizo kubwa kuliko yote lakini halikuwa mbao, lilikuwa ile rangi nyeupe inayopakwa kwenye kitambaa kabla ya kuanza kuchora. Nilipoenda kuchukua zile tatu za kwanza nikakuta ameshazipaka, akaniambia nimekurahisishia mwanangu ziko tayari. Nikashukuru, sikuuliza ni rangi gani. Ilikuwa rangi ya maji ya ukutani imezimuliwa. Nikachora juu yake chungu, na nataka nikieleze hiki chungu kwa sababu ndo kilichonifundisha. Ni cha Wakisi, wa kule Ikombe na Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaofinyanga ni akina mama na mzigo unashushwa kwa mitumbwi kwenda soko la Lyulilo. Kina tumbo la mviringo ambalo halijapita kwenye gurudumu lolote, ni mkono mtupu, kwa hiyo ukikitazama kwa muda mrefu unaona kimeinama kidogo kushoto na mdomo wake sio duara kamili, na hapo ndo penye uzuri wote. Nilitumia siku tisa kupata giza la ndani ya mdomo wake. Sio jeusi lile, nilichanganya kahawia ya amba na bluu ya ultramarini, kukawa na giza lenye joto ambalo linakuvuta uchungulie ndani.

Wiki mbili baadae lile giza limekuwa majivu. Limefifia, halina kina, kama mtu amelipulizia vumbi. Nikageuza kanvasi nyuma nikakuta madoa ya njano, mafuta yamepenya.

Naeleza kilichotokea kwa sababu naona wengi wanaoanza wanakumbana nacho na wanadhani wamenunua rangi mbaya. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani, na yale mafuta ndo yanayoshika unga na kuupa kina. Sasa ukipaka juu ya kitu kinachonyonya sana, mafuta yanakimbilia chini, juu kunabaki unga mkavu, ndo maana giza linageuka majivu. Halafu hayo mafuta yakifika kwenye uzi wa pamba yanauozesha taratibu kadiri yanavyoendelea kuvuta hewa, miaka inavyokwenda kitambaa kinakuwa kikavu kinakatika kama karatasi ya zamani. Lazima katikati pawe na kizuizi. Ndo kazi ya jeso, ile rangi nyeupe maalumu ya kuandalia kanvasi. Rangi ya bei rahisi ya ukutani imejaa unga wa kujazia na gundi ni kidogo, inanyonya kama sifongo.

Nilimpelekea fundi ile picha. Akaishika, akapapasa nyuma, akanusa, akasema "hii imekunywa, mwanangu, imekunywa kama mbao isiyopigwa sila inavyokunywa vanishi", sila ndo ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kwa ufupi vile. Picha niliiokoa kiasi, nilipitisha mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa laini kwenye sehemu iliyofifia, nikafuta yaliyozidi, giza likarudi kama robo tatu. Ila ile kanvasi siiuzi kwa mtu, siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho najua kinaoza kwa nyuma.

Tangu hapo nachukua tupu, bila rangi, kwa elfu kumi na tatu, na jeso napaka mwenyewe. Kopo la mililita 500 nililipata kwa elfu ishirini na mbili na linanitosha kanvasi saba za 40 kwa 50, mikono mitatu kila moja, katikati ya mkono na mkono napiga msasa namba 220. Piga hesabu, inakuja kama elfu kumi na sita kwa kanvasi moja iliyo tayari kabisa, na hiyo ndo bei ya kulinganisha na ile ya Dar, sio elfu kumi na tano ya fundi. Yeye alipendekeza apake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji ili kuziba kitambaa, nimejaribu kwa moja tu, ina miezi minne na nyuma bado safi, naiangalia.

Kitambaa nacho tulibadilisha. Mwanzo alitumia marekani ya kawaida ile nyepesi, kwa picha ndogo inafaa na mkono mwepesi unaipenda, ila uzi wake ni mwembamba na ukivuta sana unafunguka. Sasa hivi tunatumia pamba nzito, ile ya kushonea mabegi na maturubai ya zamani, nanunua mwenyewe mita mbili mbili nampelekea. Ina mikwaruzo yake, ukivuta brashi kavu juu rangi inashika kwenye vilele vya uzi tu, na kwa hilo nilipata kitu ambacho sikukitegemea: nilipochora kikapu cha Iringa, vile vya milulu, ule msuko wa kikapu na msuko wa kitambaa vikasaidiana, mahali pengine sikuhitaji kuchora uzi mmoja mmoja, kanvasi ilinichorea. Nilisimama pale nikaita watoto waje waone.

Kwa kuwa nimetaja vitu ninavyovichora niseme na hili, maana kanvasi nzuri peke yake haikusaidii kama hujajipanga na muda. Mafuta hayakauki kwa maji kuondoka kama rangi nyingine, yanakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa kama ngozi, na hiyo inachukua siku. Kahawia ya amba kwangu inashika kwa siku moja au mbili, nyeupe ya titani siku sita saba, na mwezi wa saba hapa Mbeya, tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, ile nyeupe ilinichukua karibu wiki mbili. Wakati huo huo parachichi halikusubiri. Lile la Hass la Rungwe Jumatatu ni kijani kabisa, Alhamisi lina zambarau mgongoni, Jumapili ni jeusi. Nilichora moja mara tatu juu ya yenyewe nikilikimbiza, na mwisho wake nikapata rangi ya tope. Sasa nafanya hivi, siku ya kwanza nachanganya rangi zote za parachichi nikitazama parachichi, nazipaka vidoa vidoa pembeni kwenye kipande cha bodi kama kumbukumbu, halafu nachora tunda kwanza kabla ya kitu kingine chochote, chungu na meza vinasubiri, haviendi popote. Ndizi hivyo hivyo. Viazi mviringo ndo rafiki wa anayeanza, vinakaa mwezi mzima vikiwa na rangi ile ile, na kiazi ukikitazama vizuri kina zambarau, kina njano, kina kijani pale jua lilipokigusa shambani. Giorgio Morandi wa Italia alichora chupa na makopo karibu maisha yake yote mpaka alipofariki 1964, na kila nikitupa parachichi lililoiva namuelewa zaidi.

Na dirisha. Vitabu karibu vyote vya uchoraji vinakwambia kaa kwenye dirisha la kaskazini, nuru yake ni tulivu. Dirisha langu la sebuleni linaangalia mlima Loleza, kaskazini kabisa, nikafurahi nikapanga meza pale mwezi wa sita. Kila siku jua linaingia moja kwa moja, doa la mwanga linatembea juu ya meza kutoka kwenye birika linahamia kwenye kitambaa, kivuli nilichokianza asubuhi, ikifika saa saba hakipo. Nilihangaika wiki nzima kabla ya kugundua kwamba waandishi wa vile vitabu wako Ulaya na Marekani, kwao jua la mchana liko kusini siku zote, ndo maana kaskazini kwao kumetulia. Sisi tuko kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha tulivu ni la kusini, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwezi wa tisa hivi. Baada ya hapo jua linahamia kusini, mwezi wa kumi na mbili linaingia dirisha hilo hilo, na hapo sisi wa digrii tisa hivi kutoka ikweta inabidi tuhame na meza au tutundike shuka jeupe dirishani. Nimehamia chumba cha nyuma, kidogo, kina baridi, ila nuru yake asubuhi mpaka saa tisa haisogei na chungu changu kinakaa pale kama kimepumzika.

Rangi zenyewe natumia boksi la tyubu kumi na mbili la bei ya chini nililonunua stationari hapa mjini, elfu ishirini na nane, na sitalieleza kwa urefu, linafaa kujifunzia, kahawia na njano za udongo ziko vizuri, nyekundu inafifia ukiichanganya na nyeupe, na nyeupe inaisha kabla ya zote kwa hiyo nunua tyubu kubwa ya nyeupe pembeni tena ya kampuni nzuri. Mafuta ya linsidi (ndo hayo hayo ya kitani) ya hadiwea, yale yaliyochemshwa, ni ya kupaka milango, yamewekewa dawa ya kukausha na yanakuwa ya njano baadae, usichoree nayo. Jirani aliniuliza kuhusu mafuta ya alizeti maana huku yamejaa, nilijaribu tone, yanakauka taratibu mno, yalinata mpaka vumbi likajaa.

Na matambara, nawaomba sana. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani ukikikunja ukakitupa kwenye ndoo kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila mtu kukigusa, ni yale yale mafuta kuvuta hewa, yakiwa yamebanwa joto halina pa kwenda. Nilimweleza fundi maana karakana yake ni maranda sakafu nzima na yeye anapaka linsidi kwenye fanicha, tangu siku hiyo matambara anayaanika moja moja kwenye waya nje. Na mi nafanya hivyo, nikimaliza naloweka kwenye maji kwanza.

Nikitoa nyota nampa nne kati ya tano. Hiyo moja imeondoka kwa sababu ya muda, akisema Alhamisi hesabu Jumatatu, na mara mbili nilishapanga vitu mezani matunda yakaiva nikisubiri kanvasi. Msimu wa harusi na shule kufunguliwa vitanda vinampa hela zaidi na namuelewa, ila sema mapema na acha advansi nusu. Kitu ambacho kanvasi ya Dar bado inamshinda ni usawa, ukinunua tano zote ziko sawa sawa, za kwake utakuta moja imezidi milimita nne, kama una fremu ya nje iliyokatwa tayari beba futi ukapime pale pale. Ila ya Dar ikilegea hakuna wa kumrudia. Huyu nimemrudia mara sita na kila mara kanvasi iliyofuata ilikuwa bora kuliko iliyotangulia, na hicho kitu sijui kama kuna duka lingeweza kunipa. Mwezi uliopita nilimpelekea picha ya chungu kile kile cha Wakisi, nimekichora upya kwenye pamba nzito, jeso mikono mitatu, mbao kavu. Alikaa nayo mlangoni kwenye mwanga, akasema lile giza la mdomoni safari hii limebaki. Kisha akasema ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kana kwamba mimi ndo nimempa yeye kitu.

Ijumaa hii naenda kuchukua mbili za 60 kwa 80, hizo lazima ziwe na mbao ya kukatiza katikati la sivyo zinapinda kwa ndani kitambaa kikivutwa, ameniambia elfu thelathini na mbili kila moja tupu pamoja na kabari. Jumapili hafungui, na saa saba mpaka saa nane anaenda kula, utakuta kijana wake ambaye anajua vitanda tu, kwa hiyo nendeni asubuhi.